Historia ya Upimaji wa Ukubwa wa Mbegu za Kiume kwa Wanaume Wenye Upungufu wa Uwezo wa Kuzaa, 1677–2021

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ukubwa wa mbegu ya kiume, hususani kichwa chake, ulivyogeuka kutoka jambo la udadisi wa hadubini na kuwa kigezo cha kumwainisha mwanamume kuwa ana au hana uwezo wa kutosha wa kuzaa. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko makubwa ya viwango vilivyotolewa kati ya karne ya 20 na mwanzo wa karne ya 21 hayaonyeshi mabadiliko ya mbegu zenyewe. Yanaonyesha mabadiliko ya kipimo: rangi iliyotumika, ukali wa ufafanuzi wa neno “kawaida”, na kundi la wanaume waliofanywa kuwa rejea. Makala yanahitimisha kwamba ukubwa una uzito wa kiuchunguzi pale unapokengeuka kupita kiasi, lakini katika masafa ya kati hautoshi kutoa hukumu juu ya mtu.

1.0 Utangulizi

Mbegu ya kiume ya binadamu ni miongoni mwa seli ndogo kabisa za mwili. Kichwa chake kina urefu wa takriban maikromita 4, yaani sehemu nne za elfu ya milimita moja, na mkia wake una urefu unaozidi wa kichwa kwa zaidi ya mara kumi. Hata hivyo, juu ya kichwa hicho kidogo umejengwa uamuzi mzito. Mwanamume aliyeoa na kukaa muda mrefu bila mtoto hupeleka manii maabara, kisha hurejeshewa karatasi yenye tarakimu. Mojawapo ya tarakimu hizo huonyesha asilimia ya mbegu zenye umbo na ukubwa wa kawaida. Akisoma “asilimia 3” mbele ya “kiwango: 4 au zaidi”, mara nyingi huondoka akiamini kuwa amehukumiwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika jamii ambamo lawama ya kukosa mtoto humwangukia kwanza mke. Kipimo cha manii kimesaidia kuonyesha kwamba chanzo chaweza pia kuwa kwa mume, na kwa sababu hiyo kimekuwa chombo cha haki ndani ya ndoa. Lakini chombo cha haki nacho hupaswa kukaguliwa. Endapo kipimo chenyewe kimekuwa kikibadilika, basi yapasa kuuliza: kilikuwa kinapima nini, kwa rula gani, na kwa kulinganisha na nani? Maswali hayo matatu ndiyo yanayoongoza mjadala unaofuata.

2.0 Kipimo cha punje ya mchanga

Mtu wa kwanza kuacha maelezo ya maandishi kuhusu mbegu za kiume alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea hadubini zenye lenzi moja. Mwaka 1677 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu viumbe wadogo alioona katika manii. Alieleza kwamba kijana aliyeitwa Ham ndiye aliyemletea sampuli ya mgonjwa wa kisonono, na kwamba baada ya hapo yeye mwenyewe alichunguza manii ya mtu mwenye afya. Inafaa kuzingatiwa kwamba sampuli ya kwanza katika historia hii ilitoka kwa mgonjwa: tangu mwanzo kabisa, kutazama mbegu kulihusishwa na kutafuta kasoro.

Leeuwenhoek hakuwa na kizio cha urefu kinacholingana na udogo aliouona. Alilinganisha kitu na kitu. Alisema kwamba viumbe hao ni wadogo kuliko chembe zinazoipa damu wekundu wake, na akakadiria kuwa milioni moja yao wasingefikia ukubwa wa punje moja kubwa ya mchanga. Huu ulikuwa upimaji kwa maana kamili ya neno, ijapokuwa rula yake ilikuwa mchanga na damu. Faida yake ni kwamba msomaji yeyote angeweza kuuelewa. Kasoro yake ni kwamba punje za mchanga hazilingani.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, swali la ukubwa lilifunikwa na swali la asili. Nicolas Hartsoeker alichapisha mwaka 1694 mchoro wa mtu mdogo aliyejikunja ndani ya kichwa cha mbegu, akionyesha jinsi ambavyo huenda angeonekana. Wengine waliziona mbegu kuwa vimelea tu vinavyoishi katika manii. Mwaka 1824 Prévost na Dumas walitoa ithibati kwamba manii ya chura yaliyochujwa na kuondolewa mbegu hayatungishi mayai. Mwaka 1841 Albert von Kölliker alionyesha kwamba mbegu ni zao la seli za korodani, na mwaka 1876 Oscar Hertwig alieleza kuungana kwa viini vya mbegu na yai katika urchini wa baharini. Ni baada ya kukubalika kwamba kichwa cha mbegu ndicho kinachobeba kiini ndipo ukubwa wake ulipoanza kuwa na maana ya kitabibu. Ikiwa kichwa ni chombo cha urithi, basi kichwa kikubwa mno au kidogo mno chaweza kuwa dalili ya mzigo ulioharibika.

3.0 Kutoka kwenye zizi la fahali hadi kwa tabibu

Upimaji wa kitakwimu wa ukubwa wa mbegu kwa lengo la kubaini uwezo wa kuzaa haukuanza kwa binadamu bali kwa ng’ombe. Mwaka 1925 Williams na Savage walichapisha nchini Marekani uchunguzi wa kasoro za mbegu za fahali, na mwaka 1927 Savage, Williams na Fowler walitoa uchunguzi wa kitakwimu kuhusu tofauti za urefu wa vichwa na matumizi yake katika kubaini uwezo wa kuzalisha. Dalili waliyoitafuta haikuwa urefu wa wastani bali upana wa mtawanyiko: je, vichwa vya fahali mmoja vinalingana, au vimetawanyika kati ya vidogo na vikubwa?

Si vigumu kuelewa kwa nini fahali alitangulia. Fahali mmoja hupanda majike wengi, na mfugaji huweka hesabu ya ndama. Uwezo wake wa kuzalisha ni tarakimu inayojulikana, na kwa hiyo urefu wa vichwa vya mbegu zake unaweza kulinganishwa na matokeo halisi. Kwa mwanamume hali ni tofauti. Uwezo wake hupimwa kupitia mke mmoja au wachache, ambao nao wana afya yao, umri wao na historia yao. Tofauti hii ya msingi kati ya zizi na nyumba haikuzingatiwa ipasavyo wakati mbinu ilipohamishwa.

Waliouhamishia upimaji huu kwa binadamu kwa uzito zaidi ni Gerard Moench, tabibu wa New York, na mwenzake Holt. Katika makala yao ya mwaka 1931 walihusisha umbo la mbegu na uwezo wa kuzaa, na mwaka 1932 wakaongeza uchunguzi wa kibayometria wa urefu wa vichwa. Kwa mujibu wao, vichwa visivyo vya kawaida vinapofikia asilimia 20 hadi 23, uwezo wa kuzaa unapaswa kudhaniwa kuwa umepungua. Vikizidi asilimia 25, kwa kawaida mtu ni mgumba kitabibu. Hapo ndipo kilipozaliwa kizingiti. Kabla ya Moench na Holt, tabibu alieleza alichokiona. Baada yao, aliweza kumwambia mgonjwa kwamba yuko upande huu au upande ule wa mstari.

4.0 Jicho badala ya rula

Kupima mbegu mia moja moja kwa mistari midogo iliyochorwa ndani ya lenzi ya jichoni ni kazi ya kuchosha, na haikuwezekana kuifanya kwa maelfu ya wagonjwa. Mwaka 1951 John MacLeod na Ruth Gold wa New York walianza kuchapisha mfululizo wa tafiti zilizolinganisha wanaume 1,000 wenye uwezo uliothibitika wa kuzaa na wanaume 1,000 wa ndoa zisizo na watoto. Katika kushughulikia umbo, ukubwa uligeuzwa kuwa jina. Mbegu iliainishwa kwa kuangaliwa tu: ya duaradufu, kubwa, ndogo, iliyochongoka, isiyo na umbo maalumu, au yenye vichwa viwili.

Mabadiliko haya yalikuwa na faida na hasara. Maabara nyingi ziliweza kufanya kazi hiyo, na sampuli nyingi zikachunguzwa. Lakini “kubwa” na “ndogo” zikawa hukumu za jicho lililozoezwa. Jicho la mtaalamu wa mji mmoja halikuwa na njia rahisi ya kulinganishwa na jicho la mtaalamu wa mji mwingine. Kwa kuwa mbegu yoyote isiyo na kasoro ya wazi ilihesabiwa kuwa ya kawaida, asilimia za kawaida zilikuwa kubwa. Toleo la mwaka 1987 la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu uchunguzi wa manii lilitaja asilimia 50 au zaidi kuwa kiwango cha kawaida.

5.0 Tygerberg na kukazwa kwa kipimo

Mageuzi makubwa yaliyofuata yalitokea barani Afrika. Katika hospitali ya Tygerberg, Afrika Kusini, Thinus Kruger, Roelof Menkveld na wenzao waliuliza swali jipya: mbegu ya kawaida ni ipi hasa? Badala ya kuichagua kwa mazoea, waliitafuta katika ute wa mlango wa kizazi baada ya tendo la ndoa, yaani miongoni mwa mbegu ambazo tayari zimefaulu kuvuka kizuizi cha kwanza. Mbegu hizo zilionekana kufanana sana, nazo zikafanywa kielelezo. Kila mbegu iliyokengeuka kidogo tu kutoka kwenye kielelezo hicho, hata ile ya mpakani, ilihesabiwa kuwa si ya kawaida.

Mwaka 1986 kundi hili lilionyesha kwamba katika utungishaji wa mimba nje ya mwili, wanaume waliokuwa na zaidi ya asilimia 14 ya mbegu za kawaida kwa vigezo hivi vikali walipata matokeo bora zaidi ya kutungisha mayai. Mwaka 1988 Kruger na wenzake walitenga kundi la walio chini ya asilimia 4, ambao matokeo yao yalikuwa dhaifu zaidi. Hivyo rula ilirudi mezani, na uhusiano wa umbo na utungisho ulipimwa kwa yai lenyewe, si kwa kumbukumbu ya ndoa.

Hata hivyo, uchunguzi wa karibu unaonyesha kwamba rula yenyewe ilikuwa bado inasogea. Makala ya mwaka 1986 ilieleza kichwa cha kawaida kuwa na urefu wa maikromita 5 hadi 6 na upana wa 2.5 hadi 3.5. Miaka minne baadaye, katika maelezo ya kina ya vigezo hivyo hivyo, Menkveld na wenzake walitaja urefu wa maikromita 3 hadi 5 na upana wa 2 hadi 3. Mbegu yenye urefu wa maikromita 4.5 ingekuwa fupi kwa kipimo cha kwanza na ya kawaida kwa kipimo cha pili. Mwongozo wa WHO wa mwaka 1992 ukaweka urefu wa 4.0 hadi 5.5. Ule wa mwaka 2010 ulitoa vipimo vya mbegu 77 zilizopakwa rangi ya Papanicolaou na kupimwa kwa kompyuta: urefu wa kati ulikuwa maikromita 4.1, na masafa yake 3.7 hadi 4.7, upana wa kati ulikuwa 2.8, na masafa yake 2.5 hadi 3.2.

6.0 Rangi, kukausha na mipaka ya nuru

Kwa nini wataalamu makini watofautiane kwa maikromita nzima kuhusu kitu chenye urefu wa maikromita 4? Jibu moja limo katika maandalizi ya kioo. Mbegu hai haina rangi, na ili mipaka yake ionekane hukaushwa, hugandishwa kwa kemikali na kupakwa rangi. Kila hatua hubadilisha kiasi cha maji ndani ya seli. Mwaka 2010 Maree, du Plessis, Menkveld na van der Horst walionyesha nchini Afrika Kusini kwamba vipimo vya kichwa hutegemea rangi iliyotumika: rangi ya Papanicolaou hukifanya kisinyae, Rapidiff hukifanya kivimbe, na SpermBlue hukiacha karibu na ukubwa wake wa asili. Hivyo, mwanamume yuleyule, kwa sampuli ileile, anaweza kuonekana kuwa na mbegu kubwa katika maabara moja na ndogo katika nyingine.

Jibu la pili limo katika nuru. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vizuri vitu vilivyokaribiana kwa chini ya takriban maikromita 0.2. Kwa kichwa chenye urefu wa maikromita 4.1, kiasi hicho ni karibu asilimia 5 ya urefu wote. Masafa ya kawaida yaliyotajwa mwaka 2010 yana upana wa maikromita 1 tu. Yaani, kosa linalotokana na nuru peke yake ni sehemu moja ya tano ya masafa yote.

Kompyuta ilitarajiwa kuondoa utata huu. Mwaka 1986 Katz, Overstreet na wenzao wa California walichapisha uchambuzi wa vipimo vya mbegu katika kutathmini uwezo wa wanaume kuzaa, na katika miaka iliyofuata mifumo ya kompyuta ilienea. Kompyuta haichoki na haibadilishi mawazo mchana. Lakini hupima kile ilichopewa: ikipewa kichwa kilichovimba kwa rangi, itatoa kwa usahihi mkubwa ukubwa wa kichwa kilichovimba.

7.0 Maana ya asilimia 4

Tukipanga viwango vya WHO kwa mfuatano, tunapata asilimia 50 mwaka 1987, 30 mwaka 1992, na 4 mwaka 2010 na 2021. Toleo la mwaka 1999 halikuweka kiwango thabiti, bali lilieleza kwamba utungisho nje ya mwili hupungua pale mbegu za kawaida zinapokuwa chini ya asilimia 15. Mtafiti anayesoma mfuatano huu bila historia yake anaweza kudhani kwamba wanaume wa dunia wamedhoofika kwa kasi ya kutisha. Hitimisho hilo si sahihi. Kilichoshuka ni idadi ya mbegu zinazoruhusiwa kuitwa za kawaida kadiri ufafanuzi ulivyokazwa. Mwongozo wa mwaka 1992 wenyewe ulikiri kwamba asilimia 30 ilikuwa pendekezo la uzoefu, bila tafiti za kitabibu zilizokamilika kuliunga mkono.

Asilimia 4 ya mwaka 2010 ilipatikana kwa njia nyingine kabisa. Walichukuliwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, wakapangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, na mstari ukapigwa juu ya asilimia 5 ya chini. Kwa tafsiri hiyo, mwanamume mmoja katika kila akina baba ishirini yuko chini ya mstari. Mstari huo unaonyesha nani ni adimu miongoni mwa waliozaa. Hauonyeshi nani hawezi kuzaa. Aidha, asilimia 4 ya mbegu 200 ni mbegu 8 tu. Kwa hesabu ya kawaida ya makosa ya sampuli, tarakimu hiyo yaweza kuwakilisha ukweli wowote kati ya takriban asilimia 2 na asilimia 8. Ndiyo maana mwongozo hutaka hesabu irudiwe.

Swali la tatu, la kulinganishwa na nani, lina umuhimu wa moja kwa moja kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Wanaume wa rejea wa mwaka 2010 walitoka Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia. Toleo la mwaka 2021 liliongeza data za nchi nyingine, zikiwemo China, Iran na Misri. Afrika kusini mwa Sahara, ambako vigezo vikali vyenyewe vilibuniwa, haikuwa na wanaume wake katika rejea hiyo.

Ithibati nzito zaidi kuhusu mipaka ya kipimo ilitolewa mwaka 2001 na Guzick na wenzake, waliolinganisha wanaume 765 wa ndoa zisizo na watoto na wanaume 696 wenye uwezo wa kuzaa. Umbo la mbegu lilisaidia kutofautisha makundi: chini ya asilimia 9 kulielekea upungufu, na zaidi ya 12 kulielekea uwezo. Lakini makundi yaliingiliana kwa kiasi kikubwa, na watafiti hao walihitimisha kwamba hakuna kipimo kimoja kati ya idadi, mwendo na umbo kinachoweza peke yake kuthibitisha ugumba.

8.0 Pale ukubwa unapotoa jibu

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba ukubwa hauna maana. Zipo hali mbili ambamo una maana kubwa. Ya kwanza ni ya vichwa vidogo vya mviringo visivyo na akrosomu, yaani kifuko cha vimeng’enya kinachoiwezesha mbegu kupenya ganda la yai. Mwaka 2011 kasoro za jeni DPY19L2 zilitambuliwa kuwa miongoni mwa sababu zake kuu. Ya pili ni ya vichwa vikubwa mno vyenye mikia mingi. Mwaka 2007 Dieterich na wenzake walionyesha kwamba wanaume wa Afrika Kaskazini wenye hali hiyo walikuwa na kasoro katika jeni AURKC, inayosimamia mgawanyiko wa seli. Mgawanyiko unaposhindikana, kichwa hubaki na kromosomu nyingi kupita kiasi. Ukubwa wake ni ukubwa wa mzigo usiogawanywa.

Umuhimu wa hali ya pili ni wa kivitendo. Tangu mwaka 1992, Palermo na wenzake walipotangaza mafanikio ya kuingiza mbegu moja kwa sindano ndani ya yai, wengi waliamini kwamba umbo halina tena uzito, kwa kuwa sindano hupita badala ya mbegu. Kwa mwanamume mwenye kasoro hiyo ya AURKC, sindano haitatui tatizo, kwa sababu kinachoingizwa chenyewe hakifai. Kumweleza hivyo mapema humwepusha yeye na mkewe gharama, matumaini hewa na taratibu chungu ambazo mke ndiye huzibeba mwilini. Hapa kipimo cha ukubwa hakimhukumu mtu, kinamlinda.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rula ya ukubwa wa mbegu za kiume imekuwa punje ya mchanga, mstari wa lenzi, jicho la mtaalamu, kielelezo cha ute wa kizazi, na hatimaye kompyuta. Kila rula ilileta faida, na kila moja ilirithi dhana za ile iliyotangulia, hasa dhana ya zizi kwamba uwezo wa kuzaa ni sifa ya dume peke yake. Mambo matatu yanafuata kutokana na historia hii. Kwanza, asilimia za umbo za miongo tofauti zisilinganishwe bila kutaja vigezo na rangi zilizotumika. Pili, maabara zetu zitaje katika kila taarifa rangi, toleo la mwongozo na idadi ya mbegu zilizohesabiwa, kwa kuwa tarakimu isiyo na maelezo hayo haisomeki. Tatu, data za wanaume wa Afrika Mashariki waliojaliwa watoto zikusanywe, ili anayepimwa Dodoma au Mombasa asiendelee kulinganishwa na watu wa mbali pekee.

Mwanamume anayesoma “asilimia 3” kwenye karatasi yake anastahili kuambiwa kwamba hesabu hiyo ni ya mbegu chache juu ya kioo kilichokaushwa na kupakwa rangi, na kwamba wapo akina baba wenye hesabu kama yake. Anastahili pia kuambiwa ukweli pale vichwa vinapokuwa vikubwa au vidogo kupita kiasi. Kazi ya tabibu ni kutofautisha hali hizo mbili, na historia ya kipimo ni sehemu ya elimu anayoihitaji ili aweze kufanya hivyo.